Nyuma ya Kadi ya Baba

Mgeni akimuuliza mama yangu ana watoto wangapi, mama alijibu, "Wapo." Mgeni akisisitiza, aliongeza, "Mungu amewatunza," kisha akainama kuchochea moto, na mazungumzo yakaishia hapo. Kwetu mbuzi ndio waliohesabiwa, kwa sababu mbuzi huuzwa. Mtoto akihesabiwa, kifo husikia ile hesabu na kuja kuchukua kilichozidi. Nilipokuwa mdogo niliwahi kunyoosha kidole nikizunguka mafiga, nikiwataja ndugu zangu mmoja, wawili, watatu, na kabla sijajifikia mwenyewe nikapigwa kofi la mkono. Sikulia. Nilijua kosa langu.

Katika laini za wafanyakazi kule Mau Narok, ambako baba yangu alikuwa kibarua na ambako dada yangu mkubwa aliolewa na dereva wa trekta, desturi hiyo ilipata sababu ya pili. Shamba lilikuwa la ngano, viazi na pareto, na maua ya pareto huchumwa upesi zaidi na vidole vidogo. Nyapara akijua kwamba nyumba fulani ina mtoto wa umri wa kubeba kikapu, alimtaka mtoto huyo shambani alfajiri, umande ukiwa bado wa barafu. Kisha miaka ya hali ya hatari ikatufundisha sababu ya tatu. Majirani zetu walioandikwa majina asubuhi walipandishwa malori jioni, na nyumba zao zikabaki na majivu tu. Basi mtu wa laini akiona meza, kiti na kalamu, kwanza aliwatafuta watoto wake kwa macho, kisha akawasahau kwa mdomo.

Yote hayo niliyajua. Nayatanguliza ili msomaji asidhani kwamba nilikuwa mgeni niliyefika na maarifa ya darasani katika jambo nisilolifahamu. Nililifahamu kabla sijajua kusoma.

Nilitoka chuoni mwishoni mwa miaka ya hamsini, nikaajiriwa Nakuru kuwa msaidizi wa afya. Kazi yangu ilikuwa kukagua mitaro na machinjio, na siku moja katika wiki kukaa mlangoni mwa dispensari kusaidia kupanga wagonjwa. Vumbi la mji lilinikaa kooni, nami nikapata mazoea ya kukohoa kidogo kabla ya kusema, mazoea ambayo wenzangu waliyaona kuwa majivuno ya msomi. Mlangoni pale nilijifunza jambo ambalo chuoni halikufundishwa. Kibarua akiugua, mwajiri wake alipaswa kugharimia dawa. Mtoto wa kibarua hakuwa kibarua. Baba yake asipokuwa na kitu mfukoni, mtoto alirudi nyumbani na homa yake.

Nakumbuka mama mmoja kutoka mashamba ya upande wa Elmenteita, amembeba mwana aliyekuwa akipumua kwa mbavu. Dresa, yaani yule mtu wa kufunga vidonda na kugawa dawa, alimuuliza, "Mama, huyu mtoto ni ya nani?"

"Ni wangu."

"Hiyo naona. Nauliza katika sheria ni ya nani."

"Katika sheria mlimzaa nyinyi?" mama yule akamjibu, na benchi zima likacheka, dresa naye akacheka, kisha akamwonyesha njia ya kutokea. Alikuwa mtu mwema. Alikuwa akifuata alichoagizwa.

Wakati huohuo serikali ilikuwa imeanza kuubadili mpango wa matibabu wilayani. Rasimu ilisema kila mfanyakazi akatwe mchango katika mshahara, mwajiri aongeze wake, na mwenye kadi atibiwe bila kulipa mlangoni. Niliisoma mara nyingi nikitafuta neno "mtoto". Halikuwamo. Nilimwendea daktari wa wilaya, mkubwa wangu, Mzungu mrefu mpole aliyekuwa na tabia ya kufuta miwani kila alipotaka kukataa jambo. Nilimwomba anipe nafasi ya kusema mbele ya kamati ya mpango huo. Siku hiyo hakuifuta miwani.

Nilisema nikiwa nimesimama, kwa maneno niliyoyakariri njiani. Nilisema kwamba mfuko wa afya unaomwacha mtoto ni sawa na nyumba iliyoezekwa upande wa baba peke yake. Mkulima mmoja wa Kizungu, mjumbe wa kamati, alinikatiza kwa Kiswahili chao cha mashambani: "Wewe nataka serikali nalipa dawa ya kila toto?"

Nikakohoa. "Nataka mchango wa baba umtibu mwanawe, bwana. Hakuna baba anayeamka alfajiri kwa ajili ya tumbo lake peke yake."

Hapo hata mkulima yule alitabasamu. Hoja yangu ikakubaliwa: watoto wataingia katika mpango. Kisha daktari akavua miwani, akaanza kuifuta.

"Lakini mfuko usiowajua watu wake hutoboka," alisema. "Watakaotibiwa ni watoto walioandikwa nyuma ya kadi ya baba, siku ya uandikishaji. Ambaye hakuandikwa atalipa mlangoni mpaka uandikishaji wa mwaka unaofuata."

Nilisimama tena. Niliwaeleza kuhusu lile jibu la "Wapo". Niliwaeleza kuhusu pareto. Kuhusu malori sikusema, kwa kuwa hapakuwa mahali pa kuyasema. Niliomba mtoto atibiwe kwanza pale anapoletwa, na jina lake liandikwe baadaye. Daktari alinisikiliza mpaka mwisho, na sina lalamiko juu ya usikivu wake.

"Basi wafundishe watu wako kuhesabu," alisema. Mikono ikanyooshwa, na ombi langu likaanguka.

Nje, karani wa kamati, mzee wa Kiislamu wa mjini ambaye babu zake walitoka pwani, alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Hongera mwanangu! Umekwenda kuomba ng'ombe, wamekupa ng'ombe mzima, wameuzuia mkia tu."

"Mkia ndio hufukuza nzi, mzee," nilimwambia.

"Ah! Nyinyi wasomi hamshibi," akasema akicheka, nami nikacheka pamoja naye. Ulikuwa ushindi, na sikuwahi kuwa na mwingine.

Jioni ya kuamkia uandikishaji nilikuwa Mau Narok, nilikotumwa kuandikisha, nyumbani kwa dada. Mama alikwishahamia kwake baada ya baba kufariki, na mume wa dada alikuwa amerudi kutoka kulima, mafuta ya trekta yangali mikononi. Nao watoto walikuwapo. Nitasema hivyo tu, na msomaji atanielewa. Miongoni mwao alikuwamo msichana mmoja wa umri wa kuota upya meno ya mbele, na huyo ndiye niliyeketi kumwandika.

Msichana huyu alikuwa na kipawa cha kuiga sauti. Alimwiga bwana wa shamba akimwita mtumishi kutoka barazani, "Toto! Leta viatu yangu! Hapana hiyo, ile ingine!" na mbwa wa jirani wakainua masikio. Alimwiga nyapara, sauti nene iliyotokea tumboni: "Nyinyi watu ya laini, mnalala kama magunia!" Mume wa dada alicheka mpaka akaweka chini bakuli lake, kisha akamkanya: "Polepole, we, ukuta wa mbao una masikio." Alimwiga mwalimu wa shule ya shamba akikariri jedwali la kuzidisha, na katika kumwiga alilikariri lote bila kosa. Mwalimu alikuwa amemwambia dada kwamba hajapata kumwona mtoto wa kushika sauti namna ile, na kwamba asome mpaka kule shule zinakokwisha.

Baada ya kula niliwaeleza mpango. Nilieleza kwa shauku, huenda kwa sauti kubwa kupita haja ya chumba kile. Nilipomaliza, kutoka kwenye kona nikaisikia sauti yangu mwenyewe, pamoja na kile kikohozi changu cha Nakuru: "Khm! Kila mtoto. Nasema, kila mtoto!"

Tulicheka wote. Mama peke yake alikuwa akichochea moto.

"Utawaandikisha, dada?" niliuliza.

"Kulale kuche," alijibu.

Asubuhi meza iliwekwa mbele ya ghala la ngano. Nilikuwa nimeomba pasiwe na mtu wa shamba karibu, lakini nilipofika nilimkuta nyapara amekwishasimama pembeni mwa kiti changu, amevaa koti lake refu la kijeshi. Nilimwomba kwa heshima asogee mbali.

"Kijana," akasema, "hii ni shamba ya Bwana. Hata hiyo meza umewekea makaratasi ni yetu. Mimi nakusaidia tu kujua watu."

Watu wakapita. Kila mmoja alimtazama nyapara kabla ya kunijibu mimi. Dada alifika akiwa na mtoto mgongoni. Mumewe alikuwa bondeni analima. Nilimuuliza nilivyowauliza wengine. Alitaja wavulana wake wakubwa, ambao walikuwa wakichuma pareto tayari, na kile kichanga cha mgongoni.

"Ni hao tu, dada?"

"Wapo hao."

Nyapara akainama kidogo. "Na kale kasichana ka meno mapya, naona kwako kila siku?"

"Yule ni wa wifi yangu wa Njoro," dada akasema bila kupepesa macho. "Amekuja kututembelea."

"Matembezi gani hayo, mwaka mzima?" Nyapara akacheka, akanigeukia. "Bwana afya, ni kweli? Wewe ni ndugu ya huyu mama, utajua."

Dada alinitazama. Hakuniomba kitu, alinitazama tu, kama alivyokuwa akinitazama nilipokuwa mdogo naye akinivusha mto.

"Mimi naandika ninachoambiwa," nilimjibu nyapara, nikapiga mhuri kadi ya shemeji yangu.

Mchana dada aliniletea chai nyuma ya ghala. Nilimwambia bado kuna nafasi, kwamba ningeweza kuliongeza jina mjini bila mtu kuona. Akaniambia orodha za shamba zitarudishwa kwa bwana ili ajue amchangie nani, na hilo lilikuwa kweli. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelieleza jana yake.

"Akisomwa huko ofisini kuwa ni wetu, keshokutwa yuko katika pareto," alisema. "Homa huja ikapita, mdogo wangu. Shule ikipita hairudi."

"Na lile sikio lake?" Alipokuwa anatambaa, sikio lake moja liliwahi kutoa usaha.

"Lilikauka zamani." Akanimiminia chai iliyobaki. "Wewe unadhani ulifikaje huko chuoni? Mama alikuwa akimwambia nyapara wa siku zile kwamba wewe ni mtoto wa mpishi wa misheni, umeletwa kunywa maziwa. Mimi nikachuma pareto ili wewe uitwe mgeni. Sasa acha na wangu aitwe mgeni."

Kila herufi niliyokuwa nayo kichwani nilikuwa nimeipata kwa kufichwa. Nilimwambia amefanya vema. Niliamini hivyo.

Mvua ndefu zilipokwisha, baridi ya Mau ikashuka kama kawaida yake, ukungu ukikaa juu ya ngano mpaka saa za chai. Sikio la msichana likaamka, na safari hii na la pili. Haya niliyasikia baadaye, kwa vipande. Dada alimbeba mpaka dispensari ya karibu, akatoa kadi ya mumewe. Dresa akaigeuza, akasoma nyuma.

"Huyu jina lake haiko hapa."

Katika foleni, nyuma yake, alikuwapo mke wa nyapara na mwanawe. Dada alikuwa na maneno mawili tu ya kusema, "Ni wangu," na maneno hayo yangefika kwa nyapara kabla yeye hajafika nyumbani. Akasema mtoto ni wa wifi yake, na hakuwa na cha kulipa. Dresa akamwambia amlete baba wa mtoto na kadi yake. Akarudi.

Mama alitia mafuta ya kondoo vuguvugu masikioni, akamfunga kitambaa. Homa ikapungua, usaha ukaendelea, kisha nao ukapungua, na nyumba nzima ikashukuru. Hawakuniandikia. Barua zote za laini zilipitia mikononi mwa karani wa shamba, na karani alikunywa pombe pamoja na nyapara.

Nilifika wakati wa mavuno ya ngano. Msichana alikuwa ameketi kizingitini, amenipa mgongo, anachambua maharagwe. Nilimwita. Nilimwita tena, nikidhani ananichezea, maana ndiyo ilikuwa tabia yake, kunyamaza kisha kukurudishia sauti yako.

Dada akatoka ndani. "Usimwite kutoka nyuma," aliniambia. "Zunguka."

Nilizunguka. Aliponiona uso wake ulifunguka, akasema "Mjomba!" kwa sauti kubwa mno, kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde.

Tulishuka naye Nakuru juu ya magunia, katika lori la ngano. Daktari wa wilaya alimpima mwenyewe. Aliangalia sikio moja, akaangalia la pili, akaweka kifaa chake mezani, na kabla sijauliza lolote akaanza kufuta miwani.

"Ngoma za masikio zimeliwa zote mbili," alisema. "Angeletwa mapema, tungejaribu kitu." Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, "Hakuandikwa?"

"Hakuandikwa, daktari."

Hakusema wafundishe watu wako kuhesabu. Nadhani alilikumbuka neno lile, kwa sababu ndiye aliyeirudisha hoja yangu katika kamati, na mwezi uliofuata nikaitwa niiseme tena. Karani mzee alinishauri nimpeleke mtoto mkutanoni. "Maneno wameyasikia, mwanangu. Waone kwa macho." Niliwaza kwamba alisema kweli. Nilimuuliza dada.

"Mtu niliyemficha asitazamwe shambani, leo nimpeleke atazamwe mjini?" alisema, na hatukulizungumza tena.

Basi nilisimama peke yangu. Sikuwa nimekariri kitu. Nilisema kwa ufupi, na safari hii mikono ilinyooshwa upande wangu: mtoto atibiwe kwanza, jina lifuate, orodha za watoto zisirudishwe mashambani, na mtu yeyote wa shamba asisimame karibu na meza. Mkulima yule mjumbe aliunga mkono. Karani akanitazama akatikisa kichwa taratibu, wala hakutaja ng'ombe wala mkia. Tangu hapo nimewaona mlangoni akina mama wa Elmenteita, wa Njoro, wa Mau, wakiingia na watoto wao bila kuulizwa ni wa nani. Baadhi yao hunipa mkono. Huupokea nikijua umechelewa kunifikia.

Mwalimu wa shule ya shamba alijitahidi. Alimweka dawati la mbele, akaandika ubaoni kila alichosema, lakini darasa lilikuwa kubwa na chaki chache. Mwisho wa muhula alikuja nyumbani, akakaa bila kunywa chai aliyopewa, akasema hajui njia nyingine. Uandikishaji uliofuata dada alienda mwenyewe mezani, hapakuwa na nyapara, akalitaja jina la binti yake kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. Sasa limo nyuma ya kadi ya baba yake, mahali pake panapostahili. Na asubuhi binti huchuma pareto. Wanasema ana vidole vyepesi.

Nilikuwa huko juzi. Nyapara wa koti la kijeshi amekwishaondoka. Aliyeletwa mahali pake ana sauti nyembamba, ya puani. Baada ya kula, wakubwa wakamwomba msichana awachekeshe kama zamani, wakimwonyesha kwa mikono. Akasimama karibu na moto. Akamwita mtumishi wa bwana alete viatu. Akawafokea watu wa laini wanaolala kama magunia, kwa sauti nene ya tumboni, sauti ya nyapara ambaye hayupo tena, kwa kuwa wa sasa hajapata kumsikia. Kisha akanitazama, akatabasamu, akakohoa.

"Khm! Kila mtoto. Nasema, kila mtoto!"

Hakukosea hata mkazo mmoja. Mume wa dada alicheka, watoto wakacheka. Mama aliinama kuchochea moto. Msichana aliwapitia wote, uso baada ya uso, akitafuta mahali kicheko kilipoanzia, akafika kwangu, akasimama hapo akiutazama mdomo wangu. Nami nikacheka.